Adui wa Kyuso si maji, ni maji yaliyoachwa wazi

Mvua ya vuli ikianguka Kyuso, hakuna chombo kinachobaki bure. Sufuria, mabeseni, mapipa ya plastiki, mitungi ya manjano ya lita 20, hata karai la kuchanganyia simiti, vyote hupangwa chini ya paa la mabati kungoja maji. Huku kaskazini mwa Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, hakuna mwenye ubavu wa kuyaacha maji yapite bure. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: ya masika kati ya Machi na Mei, ambayo mara nyingi huwavunja watu moyo, na ya vuli kati ya Oktoba na Desemba, ambayo ndiyo wakulima wa ndengu, mtama na kunde huitegemea zaidi. Ikishapita ni jua kali, mito ya msimu hubaki mchanga mtupu, na punda hurudi njiani wakiwa na mitungi mgongoni.

Wiki mbili hivi baada ya mvua ya kwanza, ndengu zikiwa zimeshachipua, usiku wa Kyuso hubadilika. Mbu wanaanza kulia masikioni. Watoto wanaamka na mapele. Kabla ya Krismasi, mabenchi ya zahanati yamejaa watu wenye homa. Wengi wetu tumezoea kuulaumu msimu, kana kwamba mbu hushuka pamoja na mvua. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mbu wanaotuuma tumewalea wenyewe, hatua chache kutoka mlangoni, ndani ya maji tuliyoyahifadhi kwa jasho.

Nchi kavu haiwezi kuambiwa imwage maji yake ili ipone mbu. Ushauri wa namna hiyo hutolewa na mtu ambaye bomba lake halijawahi kukauka. Kyuso inahitaji maji mengi zaidi, na inaweza kuyahifadhi bila kumpa mbu hata tone. Kazi iliyopo ni kuyaweka maji mahali ambapo mbu hayafikii, na Ukambani una ujuzi huo tangu zamani.

Somo kutoka Lamu

Anayedhani mbu ni tatizo la mahali penye mvua nyingi na akumbuke yaliyotokea Lamu mwaka 2004. Kuanzia katikati ya mwaka huo kisiwa kilivamiwa na chikungunya, homa inayoletwa na virusi na kumwachia mgonjwa maumivu ya viungo kwa wiki na hata miezi. Watafiti walipopima damu za wakazi baadaye, walikadiria kwamba robo tatu ya watu wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Kabla mwaka haujaisha, ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa.

Hapakuwa na mafuriko Lamu wakati huo. Kulikuwa na ukame. Waliochunguza chanzo walieleza kwamba joto na uhaba wa mvua viliwafanya watu waweke maji ndani ya nyumba kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu aina ya Aedes, anayependa vyombo vya nyumbani, akapata malezi yasiyo na kifani. Mapipa na majagi yalifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na madimbwi.

Hali hiyo ndiyo ya Kyuso kwa miezi mingi ya mwaka. Mabomba ya mradi wa Kiambere-Mwingi hayafiki kila boma, na yanapofika maji hayatoki kila siku, kwa hiyo kila nyumba ni ghala la maji. Mombasa nayo si mbali. Hakuna ukoo Ukambani usio na mtu aliyehamia Pwani kutafuta riziki, na mji huo umepata milipuko ya homa ya dengi zaidi ya mara moja tangu 2013, kisha chikungunya tena mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Msafiri mmoja mwenye virusi katika damu na pipa moja lisilofunikwa vinatosha kuanzisha balaa.

Lamu hiyo hiyo ina jambo la kutufundisha kuhusu kinga. Katika nyumba za kale na misikiti ya mji ule, birika la maji ya kuoga na kutawadha lilifugiwa samaki wadogo. Mafundi walitia bakuli la kaure chini kabisa ya birika ili samaki wapate pa kukaa maji yakipungua. Samaki walikula viluwiluwi, na maji yakakaa bila mbu. Wazee wa Pwani waliyatunza maji yao hivyo karne nyingi kabla ya Ronald Ross kuthibitisha, Agosti 1897 huko India, kwamba mbu ndiye hubeba vimelea vya malaria.

Mbu watatu, tabia tatu

Boma la Kyuso lina aina kuu tatu za mbu, na kila moja hudhibitiwa kwa njia yake.

Wa kwanza ni Anopheles, mbu wa malaria. Huuma usiku, na akitua ukutani hubinua sehemu ya nyuma juu. Katika nchi kavu anayetawala ni Anopheles arabiensis, anayependa madimbwi madogo yenye jua: alama za kwato kandokando ya silanga (bwawa la udongo lililo wazi), mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali, mitaro ya barabara. Yeye humuuma binadamu na ng'ombe pia, ndani ya nyumba na nje, ndiyo maana chandarua peke yake hakimmalizi.

Wa pili ni Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, na makao yake ni pipa, mtungi, tairi kuukuu, kopo na chombo cha kuku cha kunywea maji. Hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Maji yakipanda na kuyafikia, yanaanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji na kukijaza chombo tena bila kukisugua ni kuyafungulia mayai mlango.

Wa tatu ni Culex, mbu wa maji machafu, anayezaliwa katika mashimo ya vyoo yenye maji, mitaro ya jikoni na mashimo ya maji taka. Ndiye anayepiga kelele nyingi zaidi usiku.

Wote watatu wana udhaifu mmoja. Ni mbu jike tu anayeuma, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae, na lazima ayatage majini au pembeni mwa maji. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, katika joto letu, ni kati ya siku saba na kumi. Muda wote huo kiluwiluwi yuko kifungoni: hawezi kuruka wala kujificha mbali, na viluwiluwi wa aina hizi hulazimika kupanda juu kupumua. Anayekagua boma lake mara moja kila wiki, siku ileile, atamkuta adui kabla hajaota mbawa.

Malaria ya wasio na kinga

Kuna watu wanaosema malaria ni ya watu wa Kisumu na Busia, si yetu. Takwimu zinaeleza wanakotoa fikra hiyo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2020 uliwakuta asilimia 6 ya watoto wa Kenya, wa kati ya miezi 6 na miaka 14, wakiwa na vimelea, kutoka asilimia 8 mwaka 2015. Katika ukanda wa Ziwa kiwango kilikuwa asilimia 19. Maeneo makame yenye malaria ya msimu yako chini sana ya hapo.

Lakini uchache huo una hatari yake. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa ameumwa na mbu mwenye vimelea mara nyingi sana, na mwili wake umejenga kinga kiasi. Mtu wa Kyuso hana kinga hiyo, awe mtoto au mtu mzima. Mvua ikizidi kipimo, ugonjwa humshukia kila mtu kwa pamoja, na baba mwenye nguvu zake hulazwa sawa na mtoto wake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilionyesha hilo katika maeneo makame ya Kenya, malaria ilipoenea sehemu ambazo hazikuizoea. Kiwango cha chini tunachojivunia miaka ya kawaida kinatulaza usingizi, na mwaka wa mvua kubwa unatukuta bila chandarua.

Wafugaji wana sababu zaidi ya kujali. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kwanza karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, huibuka baada ya mafuriko, mayai ya mbu yaliyolala ardhini yanapoanguliwa kwa wingi. Katika mlipuko wa mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, ulioanzia upande wa Garissa, watu zaidi ya 150 walikufa nchini. Mbuzi, kondoo na ng'ombe waliharibu mimba na kufa kwa makundi. Mifugo ya Kitui mashariki na ya Tana River hukutana malishoni na sokoni, na mbu hajui mpaka wa kaunti.

Mzunguko wa kila wiki

Anza juu ya nyumba. Mfereji wa paa, ambao mafundi huuita gata, ukilegea katikati hubaki na maji kila baada ya mvua. Majani ya mwarobaini huanguka humo, yakaoza, na hapo pakawa kitalu ambacho hakuna anayekiona kwa kuwa kiko juu ya kichwa. Panda ngazi, ondoa majani, kisha kaza vibanio hadi mfereji uinamie upande wa tangi. Ukimwaga kikombe cha maji upande wa juu na yakaisha yote upande wa chini, umefaulu.

Nenda kwenye tangi. Watu wengi huridhika wakiona kifuniko kimekaa juu. Mbu hana haja ya kifuniko kukaa wazi. Hupita mahali bomba la kuingiza maji linapotumbukia, na hupita kwenye bomba la kumwaga ziada, ambalo karibu kila tangi la plastiki vijijini huachwa mdomo wazi. Kipande cha wavu wa dirishani, ukubwa wa kiganja, kikifungwa kwa waya au mpira wa tairi kwenye kila mdomo, hulifunga tangi la lita 10,000. Kifuniko kilichopasuka kwa jua kibadilishwe au kifungwe wavu juu yake. Tangi la simiti lenye ufa kwenye paa lizibwe. Angalia pia chini ya bomba la kuchotea: tone linalodondoka mchana kutwa huchimba kidimbwi, na kidimbwi hicho kinatosha.

Kisha mapipa na mitungi. Chukua kikombe cheupe, kizamishe taratibu ukingoni mwa pipa, kiinue na ukiweke kwenye mwanga. Vijidudu vinavyojinyonganyonga na kushuka chini ukitikisa ndio viluwiluwi. Vile vilivyojikunja mfano wa alama ya mkato ni mabuu waliobakiza siku moja au mbili waruke. Sasa tazama ukuta wa ndani wa pipa, pale maji yalipoishia. Ukiona chembe nyeusi ndogo kuliko punje ya wimbi, zimeshika safu, hayo ni mayai ya Aedes. Tumia maji hayo kumwagilia miche au kuoshea, sugua ukuta wote kwa brashi ngumu na sabuni, suuza, kisha jaza upya. Maji yaliyosuuza chombo yamwagwe kwenye mchanga mkavu, mbali na chombo kingine. Pipa lisilo na kifuniko lifunikwe kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu na kukazwa kwa mpira pembeni, kisilegee katikati na kushika maji ya mvua. Mtungi wenye kizibo ni chombo bora kuliko vyote. Kizibo kikipotea, nunua kingine.

Zunguka uwanja. Tairi lililotupwa nyuma ya jiko litobolewe au lizikwe. Mikebe, chupa na vifuu vikusanywe. Chombo cha maji ya kuku na mbwa kimwagwe na kusuguliwa angalau mara mbili kwa wiki. Hori la ng'ombe lifanyiwe vivyo hivyo. Shimo la choo lifunikwe, na bomba lake la hewa livishwe wavu juu. Maji ya jikoni yaelekezwe kwenye migomba au mipapai kwa mfereji unaokauka, yasituame.

Kazi yote hii haizidi muda wa kupika githeri. Ikifanywa Jumamosi na watoto wakishirikishwa, huwa desturi ya nyumba.

Akili ya bwawa la mchanga

Nje ya boma, Kitui ina utaalamu ambao dunia nzima huja kujifunza. Tangu katikati ya miaka ya 1990, shirika la SASOL na vikundi vya wanakijiji vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu ya kaunti hii. Ukuta wa zege hukatizwa mtoni juu ya mwamba. Mvua ikija, mto hubeba mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, kisha maji hujificha katikati ya chembe za mchanga huo, robo ya ujazo wake au zaidi. Jua haliyanyonyi kwa urahisi, mifugo haiyachafui, na mbu hawezi kutaga kwa sababu juu pamekauka. Hayo ndiyo maji yaliyofichwa vizuri kuliko yote.

Udhaifu huja binadamu anapochimba shimo la kuchotea katikati ya mchanga na kuliacha wazi, au pale maji yanapovuja chini ya ukuta na kutuama kati ya mawe. Kamati ya bwawa ikijenga kisima chenye pampu ya mkono pembeni na kuwaomba watu wafukie mashimo yao, bwawa hubaki salama.

Silanga ni jambo jingine, kwa kuwa maji yake yako wazi. Hapo kinachohitajika ni ua kuzuia mifugo isikanyage kingo, na hori la kunyweshea lililojengwa mbali kidogo kwa bomba. Kila alama ya kwato yenye maji ni kitalu cha Anopheles, na silanga lililozungushiwa ua huwa pia na maji safi zaidi kwa watu. Majani yaliyoota majini pembezoni yang'olewe, kwani viluwiluwi hujificha humo. Penye maji yanayodumu mwaka mzima, samaki ni askari wa kudumu. Watafiti waliporudisha perege katika mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa eneo la Kisii, viluwiluwi wa Anopheles walipungua kwa zaidi ya asilimia 94, na familia zikapata kitoweo. Mabwawa ya miambani, kama lile la Ngomeni, yanahitaji kusafishwa tope na majani kabla ya kila msimu, na matangi yake yafunikwe sawasawa na tangi la nyumbani.

Mashimo ya matofali yafukiwe kazi ikiisha. Wakandarasi wa barabara nao wasiondoke kabla ya kufukia mashimo ya kifusi waliyochimba.

Nyumba yenyewe

Anopheles huingia nyumbani hasa kwa kupitia mwanya kati ya ukuta na paa. Nyumba nyingi za matofali Kyuso zimeachiwa mwanya huo ili hewa ipite, na ni kweli joto linadai hewa. Wavu wa dirisha hupitisha hewa na kumzuia mbu. Nchini Gambia, jaribio lililotangazwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni, madirishani na kuzibwa mianya ya paa zilipunguza mbu wa malaria ndani kwa zaidi ya nusu, na watoto wachache zaidi walipungukiwa damu. Anayejenga leo na aweke wavu kwenye bajeti pamoja na mabati. Aliyekwisha kujenga na aanze na chumba wanacholala watoto.

Chandarua chenye dawa kinabaki kuwa silaha ya kwanza kitandani. Kioshwe kwa sabuni ya kawaida, kikaushwe kivulini kwa kuwa jua huua dawa, na kishonwe kikitoboka. Mama mjamzito na mtoto mchanga ndio wa kwanza kulala ndani yake. Hupewa bure kliniki, basi wadai. Kugeuza chandarua kipya kuwa ua wa vifaranga au kinga ya mboga ni kuuza uhai wa mtoto kwa bei ya sukuma wiki.

Dawa za kupuliza na asali ya Mwingi

Duka lolote Kyuso huuza koili za kuwasha na mikebe ya kupuliza. Hufukuza mbu kwa saa chache, lakini haviwagusi viluwiluwi walio kwenye pipa nje, na kesho utanunua tena. Moshi wa koili katika chumba kisicho na dirisha huumiza mapafu ya watoto. Dawa za kujipaka zilizothibitishwa, zenye DEET au ikaridini, husaidia mtu anayekaa nje jioni, na hilo ni muhimu kwa kuwa mbu wetu wengi huuma watu kabla hawajaingia kitandani.

Mengine ni kupoteza pesa na muda. Vifaa vya sauti na programu za simu zinazodai kufukuza mbu hazifanyi kazi. Dawa ya kutibu maji ya kunywa, kwa kipimo kinachoandikwa kwenye chupa, haiui viluwiluwi. Itie, kwa sababu inaua vijidudu vya kipindupindu, kisha funika chombo. Kumwaga oili chafu ya gari kwenye maji ni kuutia sumu udongo na mifugo. Kufyeka nyasi kavu kuzunguka nyumba kuna faida dhidi ya nyoka, lakini mbu hazaliwi katika nyasi kavu.

Kuna pia sababu ya kiuchumi ya kutopuliza dawa ovyo. Mwingi ni nchi ya asali. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilifanya kazi miaka mingi na wafugaji wa nyuki wa hapa, pamoja na wafugaji wa hariri ya mwituni, na asali ya Mwingi imepata jina sokoni. Dawa inayopulizwa vichakani mchana, maua ya migunga yakiwa wazi, humuua nyuki kabla ya mbu. Pale ambapo maji hayawezi kufunikwa wala kufukiwa, kuna bakteria aitwaye Bti, anayeua viluwiluwi wa mbu na jamaa zake wachache bila kudhuru nyuki, samaki, mifugo wala mtu. Dar es Salaam ilimtumia katika mpango wa kata kwa kata miaka ya 2000 kwa kutumia wakazi wenyewe kukagua na kutibu maji, na Tanzania imejenga kiwanda cha kuzalisha viuadudu vya aina hiyo Kibaha. Malindi nako, vikundi vya Punguza Mbu vilionyesha kuwa mji wa pwani unaweza kukagua madimbwi na mabwawa yake ya kuogelea kwa mikono ya wananchi. Kaunti ya Kitui inaweza kuagiza Bti kwa maafisa wake wa afya na kuwafundisha vijana wa kila kata.

Mbu mpya njiani

Haraka ya mambo haya imeongezeka kwa sababu ya mbu mmoja. Anopheles stephensi, mwenyeji wa Asia Kusini na Bara Arabu, alionekana Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi ile ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria. Kufikia 2020 ilikuwa na zaidi ya 73,000. Akagunduliwa Ethiopia mwaka 2016, na mlipuko wa Dire Dawa wa 2022, uliotokea wakati wa kiangazi, ulihusishwa naye. Mapema 2023 taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI ilitangaza kwamba amepatikana Marsabit, na baadaye akapatikana Turkana.

Mbu huyu anatisha kwa sababu anabeba malaria na wakati huohuo anazaliwa kama Aedes: katika matangi, mapipa na visima vya nyumbani. Hahitaji mvua. Akifika mahali ambapo watu huhifadhi maji mwaka mzima, malaria haitakuwa tena ya msimu. Kyuso na vituo vya karibu nayo kama Tseikuru na Katse ni aina ya mahali anapopenda. Mumbai, mji wa kwao, imemdhibiti kwa muda mrefu kwa kanuni inayolazimisha kila tangi kufungwa kabisa kwa kifuniko na wavu. Havana ilikuwa imeonyesha njia hiyo tangu 1901, daktari Gorgas alipowatuma watu nyumba kwa nyumba kufunika na kutia mafuta matangi ya maji, na homa ya manjano iliyousumbua mji ule kwa zaidi ya karne ikatoweka ndani ya miezi michache.

Sheria iko, iamshwe

Kenya haihitaji sheria mpya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyotungwa tangu enzi za ukoloni, inataka uwanja wa nyumba usiwe na chupa, mikebe na vyombo vinavyoshika maji, visima na matangi yakingwe dhidi ya mbu, na inampa afisa wa afya mamlaka ya kuangamiza viluwiluwi anapowakuta. Ipo pia Sheria ya Kuzuia Malaria, Sura ya 246. Kinachokosekana ni maafisa wa kutosha, pikipiki yenye mafuta, na utashi.

Wahudumu wa afya ya jamii wapo. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wapatao 100,000 kote nchini, wenye mikoba ya vifaa, na kila mmoja ana nyumba anazozitembelea. Wapewe kikombe cheupe na fomu ya kurekodi viluwiluwi sawa na wanavyorekodi mama wajawazito. Shule za Mwingi Kaskazini, ambazo karibu zote zina matangi ya mvua, ziwe za kwanza kukaguliwa, kwa kuwa mtoto aumwapo na Aedes darasani mchana chandarua hakimfai kitu. Soko la Kyuso, lenye matairi na makopo nyuma ya vibanda, lisafishwe kabla ya vuli, si baada ya wagonjwa kujaa.

Na homa ikikupata, usijitibu kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe damu siku ya kwanza au ya pili. Eneo hili lina kala-azar pia, inayoletwa na usubi wanaojificha kwenye vichuguu na nyufa za kuta, na Kitui ilipata mlipuko wake mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Homa isiyoisha wiki mbili, upande wa kushoto wa tumbo ukivimba na mwili ukikonda, inahitaji kipimo kingine, si dozi ya pili ya dawa ya malaria.

Kabla ya vuli ijayo

Mvua ya Kyuso ni baraka, na kila tone lake lina haki ya kuhifadhiwa. Tuliyaficha maji mchangani ili jua lisiyafikie. Tuyafiche ili mbu naye asiyafikie. Mwenye tangi na aweke wavu kwenye kila mdomo. Mwenye pipa na alisugue kila Jumamosi. Chifu aweke ukaguzi wa mabwawa na masilanga kwenye baraza ya mwezi wa Septemba, kabla mawingu hayajajikusanya. Wawakilishi wa wadi wa Kitui waweke fedha za Bti, wavu na usafiri wa maafisa wa afya kwenye bajeti ya kaunti, na wananchi wawaulize zimekwenda wapi. Wewe msomaji, uwe Kyuso, Kibwezi au Mikindani, ukimaliza ukurasa huu chukua kikombe cheupe ukachungulie maji ya nyumbani kwako. Ukikuta viluwiluwi, wamalize leo. Wiki ijayo watakuwa wameshaota mbawa.